Ua Lililotakiwa Kufa Lenyewe

Kabla ya kuolewa sikujua kwamba ua linaweza kuwa na kesi. Nilijua ng'ombe anaweza kuwa na kesi akiingia shamba la mtu. Mpaka una kesi, na mahari ina kesi kuliko vyote. Lakini ua, kitu ambacho hakiliwi, hakikamuliwi wala hakifai kuni, nilidhani ni jambo la nyuki peke yao. Basi katika shamba la mkonge lililokuwa kati ya Ruiru na Thika, ng'ambo ya Mugutha, ua lilitufungulia kesi, mimi na mume wangu, na kesi hiyo tulishindwa.

Zilikuwa siku za hali ya hatari, miaka ya hamsini. Huko kwetu, juu kuelekea Gatundu, watu walikuwa wameamriwa wabomoe nyumba zao waende kukaa katika kijiji kimoja kilichozungushiwa handaki. Aliyekataa kubomoa alichomewa. Mama yangu alibomoa yake mwenyewe na mimi nikamsaidia kushusha paa. Kijijini tulipika tulipoambiwa tupike, tukazima moto tulipoambiwa tuzime. Hata kuolewa kwangu kulihitaji cheti cha ruhusa, na karani aliyekiandika aliniuliza safari yangu ni ya muda gani. Nikamwambia ni ya maisha. Akakuna kichwa, akaandika wiki moja.

Ndiyo maana nyumba ya mume wangu niliyoikuta shambani niliipenda kupita kiasi. Ilikuwa ya miti na udongo, imeezekwa nyasi, ndogo hivi kwamba ukilala na kunyoosha miguu unaota moto bila kuamka. Niliikandika upya kwa mikono yangu, udongo na kinyesi cha ng'ombe na majivu, na chini kabisa nikaizungushia mkanda wa udongo mwekundu ili ionekane imevaa. Halafu nikawa napika. Nilipika saa yoyote niliyojisikia. Kuna siku nilisonga ugali saa tisa alasiri bila mtu yeyote kuwa na njaa, kwa sababu tu hakukuwa na wa kunikataza. Mume wangu alirudi, akautazama ugali, akanitazama mimi, akanawa mikono akala. Nyumba hiyo nilikuwa tayari kuipigania na binadamu yeyote.

Shamba lilikuwa na sheria zake. Mfanyakazi aliruhusiwa kulima mahindi, maharagwe na maboga karibu na nyumba yake, lakini hakuruhusiwa kupanda kitu cha kudumu. Hakuna mti, hakuna mgomba, hakuna kahawa. Bwana mwenye shamba alikuwa na hesabu zake kichwani: mtu akipanda mti atangoja kivuli chake, na akishaanza kungoja kivuli ataanza kusema hapa ni kwangu. Kabla sijafika kulikuwa na mzee mmoja aliyepanda migomba nyuma ya choo akidhani haitaonekana. Alipakiwa kwenye lori pamoja na mke na kuku, akashushwa kwenye lango la kijiji chenye handaki. Habari hiyo nilisimuliwa siku ya kwanza, hata kabla sijaonyeshwa njia ya mtoni.

Mume wangu alifanya kazi katika bustani ya Memsahib, mke wa Bwana. Wazungu walimwita shamba boi ingawa alikuwa na ndevu. Memsahib alikuwa akishindana na wanawake wenzake wa Thika kwa maua, na kila mwaka alishindwa kwa sababu mawaridi yake yalikauka kabla ya wageni kufika. Ardhi yetu ile ilikuwa ya mawe na upepo. Mkonge wenyewe ulimea kwa kukunja uso. Basi akakata shauri kuwa hatapigana tena na ukame. Akang'oa mawaridi, akaleta mimea ambayo, alisema, kwao inaota penye jua na mawe na haijui kuomba maji. Aliyoipenda zaidi aliiita salvia. Ilikuwa na majani membamba ya kijivu, laini chini kama sikio la mbuzi, na ukiyasugua yalitoa harufu kali ya dawa. Juu ilitoa mikia mirefu ya zambarau yenye manyoya.

Kazi ya mume wangu ikawa ngumu tangu siku hiyo, maana Memsahib alilifungia kopo la kumwagilia ndani ya stoo na kuondoka na ufunguo. Mtu aliyefundishwa kwamba bustani ni maji, sasa alilipwa ili asimwage maji. Alisimama katikati ya salvia mikono ikining'inia. Siku moja Bwana alipita na farasi akamuuliza kwa nini hafanyi kazi.

"Nafanya, Bwana," mume wangu akajibu. "Mimi hapana tia maji."

Bwana akageuza farasi akaenda zake. Jioni mume wangu alirudi amechoka kuliko siku za kulima.

Bustani kavu ilipofanikiwa, Memsahib hakutosheka. Akataka nyumba za wafanyakazi nazo zipambwe, na akaona aanze na ya mtu wake wa bustani. Alikuja asubuhi na kapu, kofia pana kichwani, nyapara wa shamba akimfuata, nikiwa naanika nepi za mtoto wetu wa kwanza.

"Wewe nataka maua?" akauliza.

"Ndiyo, Memsahib," nikasema, kwa kuwa jibu lingine halikuwepo.

Akapiga magoti yeye mwenyewe kando ya ukuta wangu, akachimba, akapanda kijiti kimoja chenye majani machache, akasimama na kunihesabia kwa vidole. "Hapana tia maji. Hapana kata. Hapana ng'oa. Mimi nakuja angalia." Kijiti kilionekana mgonjwa. Nilikihurumia, nikajua kwamba hata Jumapili hakitafika.

Kilifika Jumapili, na nyingine nyingi. Kilipofika kiunoni kwangu, nyapara alikuja. Alikuwa mzee wa makamo aliyevaa koti la jeshi hata jua likiwaka, mtu mwenye maneno machache na fimbo ndefu. Alisimama mbele ya ua kwa muda, halafu akaniita.

"Mama, hii ni nini?"

"Ni maua ya Memsahib, mzee."

"Ya Memsahib iko kwa Memsahib. Hii iko kwako."

"Ameipanda yeye mwenyewe. Ulikuwepo."

"Nilikuwepo, nikamwona. Sasa niambie, ni ya msimu ama ni ya kudumu?"

Sikujua. Nilimwita mume wangu, naye hakujua. Nyapara akainama, akalibana shina kwa kidole na gumba kama anayenunua mbuzi, akatikisa kichwa. Chini lilikuwa limeanza kukauka na kuwa gumu, lenye gamba.

"Haiya," akasema. "Hii inataka kuwa mti."

Hapo ndipo kesi ilipoanzia. Huyo mzee alikuwa na wakubwa wawili waliolala nyumba moja lakini hawakuambizana chochote. Hakuweza kuling'oa, maana Memsahib alisema lisiguswe. Hakuweza kuliacha, maana Bwana alisema kitu cha kudumu kisionekane kwa kibarua. Tulimtuma mume wangu kwa Memsahib. Memsahib alicheka, akasema Bwana anakataza migomba, na hii si mgomba, hii ni maua. Kwenda kumuuliza Bwana mwenyewe kulikuwa ni kujipeleka kwenye lori kwa miguu yetu.

Nyapara alikaa juu ya kigoda changu akafikiri, halafu akakata kesi. Tungoje kiangazi. Ua likifa pamoja na maharagwe, basi ni zao la msimu na yeye hakuona kitu. Likipita kiangazi hai, ni mti, na itambidi aseme.

"Lakini likufe lenyewe," akatuonya. "Nisione panga hapo. Mkiiua, Memsahib atawafukuza. Isipokufa, Bwana atawafukuza."

"Sasa mzee, ungekuwa wewe ungefanya nini?" nikamuuliza.

"Mimi singeolewa na mtu wa bustani," akasema, akachukua fimbo yake akaondoka.

Tukaanza kungoja kifo cha ua. Kila asubuhi nilitoka nikalitazama kabla hata ya kunawa uso. Kiangazi cha mwaka huo kilikuja kibaya. Maharagwe yalijikunja, maboga yakalala chini yasiinuke, nyasi za njiani zikageuka unga. Vumbi liliingia hata ndani ya chumvi. Ua lenyewe lilitulia siku chache, majani yakawa meupe kidogo, nikaanza kupata matumaini. Halafu likachanua. Lilitoa mikia ya zambarau upande huu na upande ule, nyuki wakaja, na vile vindege vidogo vya kufyonza maua vikaja vikagombana mlangoni kwangu tangu kunapambazuka. Mahali pengine pote palikuwa na rangi ya majivu. Mtu angeweza kuiona nyumba yetu akiwa bado mbali barabarani.

Kanisani nilipiga magoti nikamwomba Mungu alichukue. Nilimwomba kwa adabu, nikamkumbusha kwamba maboga yangu aliyachukua bila kuombwa.

Nyapara naye alihangaika, maana hakupenda kutusema. Alikuja na mbuzi wake mwenyewe, akamfungua kamba nyuma ya nyumba, akapiga kelele kwamba mbuzi amemponyoka. Mbuzi huyo alikuwa na sifa. Alishawahi kula kola ya shati la karani wa shamba likiwa kwenye kamba. Alilikaribia ua, akanusa, akapiga chafya, akarudi nyuma akaanza kutafuna ufagio wangu. Nyapara alimrudisha mara nyingine, akamshika pembe na kumwingiza uso kwenye majani. Mbuzi alilia mpaka majirani wakatoka.

"Hata wewe!" nyapara akamwambia mbuzi. Aliondoka naye akimkaripia njia nzima.

Mume wangu ndiye aliyeleta wazo la maji. Alikuwa amekumbuka kwamba kule kwa Memsahib, salvia zilizokuwa karibu na jiko zilioza mizizi kwa sababu mpishi alizimwagia maji ya vyombo. Ua lile halikuogopa kiu. Liliogopa kushiba.

"Tulinyweshe," akasema. "Kila siku. Likufe kwa maji."

"Maji gani?" nikamuuliza. "Maji ya wapi, baba mtoto?"

"Ya mtoni."

Nilimtazama nikadhani jua limemwingia. Mto ulikuwa umeshuka hadi kwenye mawe, na ili kujaza debe ilibidi uteke kwa kibuyu, ukingoje kijae taratibu. Debe hilo nililibeba mgongoni kwa ukanda wa ngozi uliozunguka kichwa, kupanda mlima, mtoto kifuani. Na sasa niyapitishe maji hayo kando ya maharagwe yangu yanayokufa, nikamnyweshe adui. Tuligombana siku hiyo hadi majirani wakanyamaza ili wasikie vizuri. Mwisho nilienda mtoni, kwa sababu nililikumbuka lile lori.

Nilinyunyiza asubuhi, nikanyunyiza jioni. Wanawake wa mtoni waliniuliza kama siku hizi tunaoga na ng'ombe. Waliponiona nayamwaga kwenye ua, katikati ya ukame, walishika midomo. Wengine walianza kuja na binti zao kunionyesha: tazameni mwanamke anayependa maua. Mmoja akanisifu kwa machozi kabisa, akasema nina roho ya huruma. Sikuwa na roho ya huruma. Nilimwaga maji yale nikisaga meno, na majani yalipoanza kugeuka manjano niliimba.

Memsahib alinikuta naimba. Aliliona ua, akashusha kofia.

"Nani natia maji?" akauliza.

Mimi nilikuwa natazama kucha zangu. Mume wangu alikuwa anatazama mbinguni. Nyapara, aliyekuwa akimsindikiza, akajikaza.

"Labda ni umande, Memsahib," akasema.

Tulikuwa hatujaona umande tangu kiangazi kianze. Memsahib hakubishana naye. Alifukua udongo kwenye mizizi, akajaza changarawe na mawe, na kesho yake akaleta askari. Alikuwa askari wa stoo ya katani, mtu mrefu mwenye rungu na kanzu ya kaki, na kazi yake ya kawaida ilikuwa kuzuia moto. Sasa aliwekwa nyumbani kwangu kuzuia maji.

Nataka msomaji anielewe vizuri hapa. Wakati ambapo nchi nzima ilijaa askari wa kutulinda sisi tusiende huku wala kule, mimi nilikuwa na wangu binafsi, wa kunilinda nisimwage maji kwenye uwanja wangu. Nikitoka mtoni aliniuliza, "Hayo inaenda wapi?" Nikisema yanaenda kwenye chungu, alinifuata hadi mlangoni akahakikisha. Maji ya kuoshea mtoto niliyabeba kwenda kuyamwaga mbali, ng'ambo ya njia, naye akinitazama. Mvua isingekuja hivi karibuni, lakini siku moja mawingu yalikusanyika upande wa Kilimambogo na nilimwona akiyaangalia kwa wasiwasi, maana hakupewa maagizo juu ya jambo hilo. Ua likapata nafuu.

Lililonimaliza ni nepi. Nilikuwa nimezianika, zinadondoka matone, na askari akaniambia niziondoe kwa sababu tone limeelekea kwenye ua. Niliingia ndani nikatoka na panga, mchana kweupe, nikalikata ua lile. Nilikata matawi, nikakata mikia, nikakata hadi pakabaki vijiti vifupi juu ya udongo. Askari alisimama kando akitazama. Hakunizuia. Aliambiwa alizuie maji, na panga halikuwa limetajwa.

Mume wangu aliporudi aliketi chini. Nyapara alifika, akaona, akavua kofia.

"Sasa pakieni," akasema kwa upole.

Tulipakia. Sufuria ndani ya blanketi, blanketi ndani ya gunia, mtoto juu ya gunia. Tuliketi nje tukimngoja Memsahib na lori lake. Nilikuwa na hofu kuu na pia nilijisikia vizuri sana, vyote pamoja, na mpaka leo sijapata tena hali ya namna hiyo. Memsahib akaja. Akaviinamia vijiti. Akapiga makofi.

"Mzuri sana!" akasema. "Nani nafundisha wewe kata hivi?"

Kumbe likishachanua hukatwa mpaka chini ili lirudi na nguvu. Katika bustani ya Memsahib mume wangu alikuwa amekataa kuzikata salvia kwa woga, na sasa akaambiwa aje kujifunza kwa mke wake. Kwamba yeye mwenyewe alisema "hapana kata," Memsahib alikuwa ameshasahau. Tukafungua gunia. Mvua za masika zilipoanza, vile vijiti vilitoa machipukizi kutoka kila upande, na kabla mahindi hayajatoa ndevu ua lilikuwa pana kuliko kitanda chetu. Nyapara alipita akalitazama, akaendelea na safari yake bila kusimama. Alikuwa ameahidi kusema, lakini alikuwa bado anatafuta siku.

Siku ilijitafuta yenyewe. Memsahib alialika wanawake wenzake kutoka Thika kuja kuona bustani kavu, na baada ya chai akawaleta kuona nyumba ya kibarua yenye salvia. Walikuja na kofia na glavu, wakasimama uwanjani kwangu wakipiga kelele ndogo za furaha. Mmoja alimshika mtoto wangu shavu. Nilianza kuona fahari, hilo lazima niliseme. Lakini aliyekuwa akiendesha gari alikuwa Bwana, na Bwana hakutazama maua. Alitazama shina.

Alimwita nyapara.

"Hii nakaa hapa tangu lini?"

"Tangu kabla ya kiangazi, Bwana."

"Na kiangazi napita?"

"Ilipita, Bwana."

"Na hii?"

"Hii pia ilipita, Bwana."

Bwana na Memsahib walisogea kando wakaongea Kiingereza, wakitabasamu kwa sababu ya wageni, na kadiri walivyotabasamu ndivyo maneno yalivyozidi kuwa mafupi. Mume wangu alikuwa ameshika kofia kwa mikono miwili. Mimi niliuangalia ukuta wa nyumba yangu, ule mkanda mwekundu, na nilijua kwamba ama ua linakwenda ama sisi tunakwenda kwenye handaki. Nilikuwa namwomba Mungu iwe ua, na safari hii sikuomba kwa adabu.

Bwana alimaliza akamwambia nyapara, nyapara akatujia akiangalia chini.

"Bwana anasema sheria ni sheria. Kwa nyumba ya kibarua hakuna kitu ya kudumu. Lakini Memsahib anasema maua isiguswe."

"Sasa?" nikauliza.

"Sasa, kama hapa hakuna nyumba ya kibarua, sheria haijavunjwa."

Nilimwambia arudie. Akarudia, polepole.

"Nyumba itoke," akasema. "Maua ibaki."

Nilicheka. Nilidhani mzee amechanganya mambo kwa woga. Nilicheka hadi mmoja wa wale wageni akacheka nami, akidhani nimefurahi. Kisha nikaona uso wa mume wangu.

"Mwambie basi nyumba ndiyo ya kudumu," nikamwambia nyapara. "Niliikandika mimi. Mwambie ilipita kiangazi, na kilichotangulia ilikipita pia."

"Mama," nyapara akasema, "hayo siwezi kumwambia."

Hawakutupakia kwenye lori. Bwana alijiona mwema kwa hilo, na labda alikuwa. Tulipewa siku ya kubomoa na ruhusa ya kuchukua nguzo. Mume wangu alipanda juu, mimi nikapokea paa, na mikono yangu ilijua kazi hiyo vizuri kuliko nilivyotaka. Askari alisimama pale akihakikisha vumbi halilielemei ua. Niliumia. Niliumia kuliko siku ya nyumba ya mama, kwa sababu siku ile angalau tulibomolewa kwa sababu ya vita.

Tulihamishiwa kwenye jengo refu la bati karibu na mashine ya mkonge, chumba kimoja kilichogawanywa kwa gunia, upande huu sisi, upande ule mtu na mkewe waliokohoa. Moto ulikuwa mmoja, nje, na wanawake walipika kwa zamu. Zamu yangu ilikuwa ya mwisho. Tuliishi, sikatai. Mume wangu aliendelea na kazi yake ya kutomwagia maji.

Halafu upepo ukaanza. Nyumba ilipoondoka, ua lilibaki peke yake mahali peupe, na upepo wa uwanda ule ukalikamata ukavunja matawi. Memsahib alisikitika sana. Akasema linahitaji kitu nyuma yake cha kuzuia upepo. Akaamuru ujengwe ukuta. Ukuta mmoja tu wa miti na udongo, urefu ule ule, mahali pale pale. Bwana hakuwa na neno, kwa kuwa ukuta mmoja si nyumba.

Wanaume walisimika nguzo, wakafunga fito. Kwa kazi ya kukandika nyapara alikuja kunichukua mimi.

"Wewe unajua udongo ya hapo," akasema. Hakunitazama aliposema.

Nilienda na mtoto mgongoni. Nilikanyaga udongo kwa miguu, nikaupiga ukutani kwa kiganja, nikausawazisha, upande wa mbele ambako ua lilisimama na mikia yake. Nilipomaliza nikazunguka upande wa nyuma. Nyuma sikuagizwa nikandike, lakini nilikandika huko pia, nikalainisha kwa uangalifu zaidi. Mikono ilipokauka nilijikuta nimeketi chini, mgongo ukutani, mahali ambapo kitanda kilikuwa. Ardhi bado ilikuwa ngumu na laini kwa kufagiliwa. Mbele yangu palikuwa wazi hadi kwenye mkonge, na kushoto palikuwa wazi, na kulia palikuwa wazi. Nikamtoa mtoto mgongoni nikaanza kumnyonyesha, na machozi yakanitoka, nikayaacha yatoke.

Nyapara alitokea pembeni akinitafuta. Alisimama na fimbo yake karibu na miguu yangu.

"Mama, kazi imeisha. Unafanya nini hapo?"

"Niko nyumbani."

"Hapa hakuna nyumba."

Nilimtazama kutoka chini. "Mzee," nikasema, "umeingia kwa mwanamke anayenyonyesha, bila hodi. Hivyo ndivyo mlivyolelewa kwenu? Toka. Zunguka."

Alitazama uwanda. Alinitazama mimi, na mtoto, na ule ukuta mbichi. Nilijua kwamba angeweza kucheka, na kama angecheka ningempiga na lile beseni la udongo. Hakucheka. Aligeuka, akatembea taratibu hadi mwisho wa ukuta, akapotea upande wa ua. Nikasikia nyuki tu. Kisha nikaisikia fimbo ikigonga udongo mara chache, na sauti yake, ya chini, ya mtu mwenye adabu.

"Hodi hapa."

Sikujibu. Akabisha tena. Mtoto alikuwa bado hajashiba, nikamwacha mzee angoje.